Mikono ishafika, mwili bado

Kusi lilikuwa limeanza kuvuma wiki ile. Ukicheza gofu Mombasa, kwenye ule uwanja wa mashimo tisa ulio juu ya bahari upande wa Mama Ngina, huna haja ya kalenda kujua msimu. Unauona kwenye mpira. Kusi likishika, mpira uliopigwa kuelekea baharini hupanda vizuri, husimama hewani kama aliyeitwa jina kwa nyuma, halafu huanguka karibu kuliko ulivyotarajia.

Asubuhi hiyo nilikuwa kwenye tii, pale pa kuanzia shimo, draiva, ile fimbo ya mipira mirefu, mkononi, upepo usoni, meli ya makontena ikiingia Kilindini taratibu. Nikajiambia upepo kama huu unataka nguvu, na nguvu nilijua pa kuzitafuta: nyuma. Nikairudisha fimbo, nikazidi kuirudisha, mpaka nikahisi mti wake ukinigusa karibu na shingo, ndipo nikaishusha kwa kila nilichokuwa nacho. Mpira ulianzia kushoto, ukapinda kulia, upepo ukaupokea na kuuzidishia, ukaishia kwenye majani marefu chini ya mbuyu.

Kedi wangu hakusema neno. Ni mzee wa makamo ya babu, amenibebea mkoba miaka mitatu, na katika miaka hiyo nilikuwa nimemzoea kwa ukimya wake. Tulipokuwa tunapekua majani ndipo aliponiambia, macho yake yakiwa bado chini, "Mwalimu, mikono ishafika, wewe hujafika."

"Nifike wapi, mzee wangu?"

"Nyuma. Mikono ishapita kichwa, na mgongo wako haujaitazama bendera ya shimo hata kidogo. Wamwacha nani afanye kazi?"

Maneno hayo niliyabeba mashimo yote yaliyobaki. Nilianza gofu nikiwa na miaka 47, baada ya miaka mingi ya kufundisha hisabati sekondari, na nilikuwa na hesabu yangu niliyoiamini. Kichwa cha fimbo kinasafiri kwenye upinde. Upinde ukiwa mrefu, kichwa kina njia ndefu zaidi ya kuongeza kasi, na kasi ndiyo umbali. Hesabu hiyo si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba inamwacha mtu nje. Inadhani fimbo yote imeunganishwa na chanzo kimoja cha nguvu tangu mwanzo hadi mwisho wa safari. Mimi nilikuwa nimekata uhusiano huo njiani bila kujua.

Jioni nilimwomba mpwa wangu anipige video kwa simu, ile ya mwendo wa polepole, mara moja kutoka mbele na mara moja kutoka nyuma yangu. Nimesahihisha madaftari maelfu, najua kutafuta kosa lilipoanzia na kutoishia pale lilipoonekana. Nikaisogeza video kidogo kidogo kwa kidole. Fimbo ilipoanza kurudi, mabega yaligeuka, nyonga zikafuata kidogo, vizuri tu. Mkono wa kushoto ulipofika kulala sambamba na ardhi, mabega yakasimama. Hapo ndipo mwili wangu ulipomaliza kugeuka. Lakini mikono haikumaliza. Iliendelea kupanda peke yake: kiwiko cha kushoto kikakunjika, vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto vikalegea kwenye mshiko, fimbo ikapita kulala sambamba na ardhi na kichwa chake kikaanza kuinamia majani upande wa pili. Na kwa kuwa mikono ilikuwa inapanda bila mwili kugeuka, kitu kilibidi kitoe nafasi. Uti wa mgongo ukainamia upande wa bendera, goti la kulia likanyooka, uzito wangu ukalalia mguu wa kushoto. Yaani kwenye kilele, wakati ambapo mtu anapaswa kuwa amejikunja juu ya mguu wa kulia kama upinde uliovutwa, mimi nilikuwa nimeegemea mbele.

Kutoka hapo kushuka hakuna njia nzuri. Uzito ukiwa tayari mbele, utakwenda wapi tena? Unarudi nyuma, ndipo mtu anapopiga huku akijirusha kinyumenyume. Na mikono, kwa kuwa ndiyo iliyobaki mbali zaidi, ndiyo inayoanza kurudi kwanza, bega la kulia linajitupa mbele, fimbo inakuja kwa njia ya nje kuelekea ndani. Mpira unaanzia kushoto na kupinda kulia. Miaka yote hiyo nilikuwa nikihangaika na mshiko, na mahali pa kuweka mpira, na uso wa fimbo, kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye zile sehemu za sekunde ambazo mikono ilisafiri bila mwenyeji wake.

Ningeweza kukuambia kwamba nilipoona video nilipona. Haikuwa hivyo, na sehemu iliyofuata ndiyo iliyonifundisha zaidi, kwa hiyo nataka nikae nayo.

Mwalimu mmoja wa gofu aliyekuwa akifundisha wenzangu aliitazama video yangu akasema, "Fupisha tu. Mikono isipite bega." Ushauri ulisikika wa busara, nami ni mtu wa kufuata maelekezo. Nikajijengea ukuta wa kufikirika kwenye usawa wa bega na nikaizuia mikono hapo. Miezi miwili. Mpira ulinyooka zaidi, siwezi kukataa, lakini ulikufa. Fimbo ya chuma namba 7, ambayo ilikuwa ikinipa yadi 95 upepo ukiwa umetulia, ikawa haifiki 80. Halafu kiwiko cha kushoto kikaanza kuniuma, maumivu membamba ya upande wa nje yanayoamka ukiinua sufuria.

Nikarudi kwenye video. Fimbo ilikuwa inasimama pale pale nilipoambiwa. Ukiipiga picha kwenye kilele ungesema huyu mama ana swingi nadhifu, yaani mwendo mzuri wa kurudisha na kushusha fimbo. Lakini nilipotazama mkanda wa suruali yangu, haukugeuka. Nyonga zilikaa zikiutazama mpira kama zilivyoutazama mwanzo. Mabega yalijipinda kidogo tu. Nilichokuwa nimefupisha si safari ya mikono peke yake. Nilikuwa nimeufungia mwili mlango kabla haujatoka.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku hizo na nadhani naielewa sababu. Mikono ikijua safari ni fupi, inaharakisha. Inanyakua fimbo, inaipeleka juu kwa vifundo na misuli ya mikono, na inafika kabla mwili haujapata habari. Mwili ni mzito, unataka muda. Wachezaji wa kulipwa waliopimwa kwa kamera, kurudisha kwao fimbo huchukua takriban mara tatu ya muda wa kushuka, na uwiano huo hauachani nao sana awe ni mchezaji wa haraka au wa polepole. Muda huo wa kurudi ndio unaomruhusu mtu kujikunja. Mimi nilikuwa nimeunyonga. Swingi yangu ya zamani ndefu, pamoja na uovu wake wote, angalau mwanzoni iliukokota mwili ukageuka kiasi. Ile fupi ya kulazimisha haikuukokota kabisa. Ndefu mno, mwili unageuka, unasimama, halafu unavunjika. Fupi kwa amri, mwili hauanzi.

Na mtu akipiga kwa mwili uliosimama, kishindo chote cha mpira na ardhi kinapokelewa na mikono. Kiwiko changu kilikuwa kinalipa deni la nyonga.

Nilimweleza kedi haya yote siku moja tukiwa tumekaa chini ya kivuli tukingoja kundi la mbele lisogee. Alisikiliza. Yeye amekulia kusini, upande wa Gazi, mtoto wa mvuvi, na kabla ya kuanza kubeba mikoba alikuwa akirusha kimia kwenye vilindi vya mikokoni. Akaniuliza kama nina leso kwenye mkoba. Ninayo daima, jua la Mombasa si la kuchezea. Nikampa.

Akasimama, akaikunja leso kwa mapindo ya mikononi kama mtu akunjavyo kimia, sehemu kwenye kiganja cha kushoto, sehemu kwenye cha kulia. "Tazama, hii ndiyo yako ya kwanza." Akainua mikono juu kabisa nyuma ya bega, miguu imesimama, kifua kimesimama, akarusha. Leso ikaruka kama tonge, ikaanguka mbele yake imejikunja. Akaiokota. "Hii ndiyo yako ya sasa." Akarusha kifupi, kwa vifundo vya mikono tu. Ikaanguka karibu zaidi, imejikunja vile vile. Mara ya tatu hakuinua mikono hata kufikia bega. Aligeuza kiuno. Kisigino cha kushoto kikainuka kidogo mchangani, mgongo wake ukaja wote mbele ya macho yangu, shati lake likakazwa na mkunjo wa mshazari kutoka bega la kushoto hadi nyonga ya kulia. Kisha kiuno kikarudi. Mikono ilikuja nyuma ya kiuno kama mkia. Leso ikafunguka hewani, ikatanda yote, maneno yaliyoandikwa juu yake yakasomeka, ikatua majanini ikiwa wazi kama iliyoanikwa.

"Kimia hakirushwi kwa mikono, Mwalimu. Mikono yashika tu. Na humsikii mvuvi akisema nirudishe mikono kiasi gani. Warudi mpaka kiuno kiishe. Kikiisha, basi."

Kundi la mbele lilikuwa limeshaondoka na waliokuwa nyuma yetu wakaanza kutuita. Sikuwasikia vizuri. Nilikuwa nautazama ule mkunjo wa shati akilini. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba swali langu la urefu lilikuwa limeulizwa vibaya. Nilikuwa nauliza fimbo irudi hadi wapi, wakati ilinipasa kuuliza mwili unaweza kugeuka hadi wapi, kisha nihakikishe mikono haiendi hatua moja zaidi ya hapo, wala haitangulii.

Tulianza na leso ile ile. Nikaikunja mara nne nikaibana kwenye kwapa la kushoto, si kwa kukaza, kwa kuifinya tu kati ya mkono na kifua. Sheria ilikuwa moja: rudisha fimbo mpaka leso inapotaka kuanguka, hapo anza kuishusha. Leso inaanguka pale mkono unapoachana na kifua, yaani pale mikono inapoanza safari yake ya peke yake. Siku ya kwanza ilianguka fimbo ikiwa haijafika hata usawa wa kiuno. Nilishtuka. Nilikuwa nikidhani nageuka.

Nyumbani nina ukumbi mwembamba kati ya vyumba. Nilisimama nimeupa ukuta mgongo, makalio umbali wa vidole vitatu hivi kutoka ukutani, nikakunja mikono kifuani na kuinama kama ninayeutazama mpira. Kazi yenyewe: ukigeuka kwenda nyuma, kalio la kulia liguse ukuta, ukirudi, la kushoto liguse. Ukijaribu utaona kama mimi kwamba mazoea ni kusogea pembeni kama mlango wa kuteleza. Nyonga inakwenda kulia, haiendi nyuma. Kusogea kule kunadanganya, mtu anahisi amehamisha uzito na mwili umefanya kazi, kumbe hajajikunja hata kidogo, na fimbo ikitaka kwenda nyuma zaidi haina budi kubebwa na mikono. Kalio likigusa ukuta, unahisi mfinyo ndani ya paja la kulia, juu, karibu na kinena. Mfinyo huo ndio niliokuwa nimeukosa miaka yote.

Wiki ya pili au ya tatu nikaweka chaki sakafuni. Ualimu hauishi. Nikachora mstari wa kuelekea bendera ya kufikirika, nikakaa kwenye kiti ili nyonga zisiweze kugeuka, nikaweka fimbo kwenye mabega na kugeuka kulia. Fimbo ilinionyesha kama digrii 40. Walimu wengi wa gofu hutaja mabega digrii 90 na nyonga 45 kama kipimo cha kujikunja kamili. Basi kama kiwiliwili changu chenyewe kinatoa 40, zilizobaki lazima zitoke chini: nyonga, magoti, vifundo vya miguu. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba nyonga zizuiwe zisigeuke ili mgongo ujikaze kama springi. Kwa kijana wa miaka 20 mwenye mgongo laini huenda yafaa. Kwa mwanamke aliyesimama mbele ya ubao miaka 25, kuzuia nyonga ni kukata safari ya mabega katikati, na mikono itaimalizia kwa njia yake. Ndiko nilikotoka.

Kwa hiyo nilifanya mambo mawili madogo. Niligeuza kidole gumba cha mguu wa kulia kitazame nje kidogo, kwa sababu nyonga yangu ya kulia ni kavu na haipendi kuzungukia ndani. Na niliruhusu kisigino cha kushoto kiinuke kwenye kilele, kama kilivyoinuka cha mzee na leso. Wapo watakaokuambia kisigino kikae chini. Jack Nicklaus alishinda mashindano makubwa 18 huku kisigino chake cha kushoto kikiinuka kila anaporudisha fimbo kwa nguvu, kwa hiyo sikuona haja ya kuomba ruhusa nyingine. Kisigino kikiinuka, goti la kushoto linakwenda kulia na nyuma ya mpira, nyonga inapata nafasi, mabega yanafuata. Mabega yalipoongeza digrii zao, mikono ikapanda zaidi bila mimi kuiambia, na leso ikabaki kwapani. Swingi ilirefuka kiasi cha kiganja kimoja. Nilicheka peke yangu ukumbini, usiku, kwa furaha.

Jambo lililonistaajabisha ni picha. Mpwa wangu alinirekodi tena, nikaisimamisha video kwenye kilele, nikaiweka kando ya ile ya miezi miwili ya kufupisha. Mikono ilikuwa karibu mahali pale pale, kidogo tu juu ya bega. Ukipima kwa rula ungeona tofauti ndogo mno. Lakini kwenye picha ya kwanza mkanda unatazama mpira. Kwenye ya pili mfuko wa nyuma wa kulia umekwenda nyuma kabisa na mgongo unaitazama bendera. Urefu mmoja, swingi mbili. Fimbo namba 7 ikarudi kwenye yadi 95, baadaye 100, na kiwiko kikanyamaza.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia wenzangu wakibishana kama swingi fupi ni bora kuliko ndefu, natamani wawatazame wachezaji wawili wa kulipwa. Jon Rahm ana mojawapo ya swingi fupi kuliko wote walio juu duniani. Mwaka 2021 alieleza sababu mwenyewe: alizaliwa na mguu wa kulia uliopinda, ukarekebishwa utotoni, na kifundo chake cha mguu huo hakina wepesi wala uthabiti wa kawaida. Mwili wake unaishia pale, basi na fimbo yake inaishia pale. Hakuazima urefu wa mtu mwingine. Mwaka huo huo alishinda US Open, na mwaka 2023 akashinda Masters. Upande wa pili kuna John Daly, aliyeshinda ubingwa wa PGA mwaka 1991 na The Open mwaka 1995 kwa fimbo iliyopita kulala sambamba na ardhi na kuinamia chini nyuma yake. Kwa macho fimbo ile ilifanana na yangu ya zamani. Tazama mabega yake lakini: alikuwa anageuka sana, mwili ulifika kwanza ndipo fimbo ikaendelea. Mimi niliiga mwisho wa safari yake bila kuwa na mwanzo wake.

Kuna mahali ambapo somo hili lilinichelewea, napo ni karibu na grini, yale majani mafupi yenye shimo. Nilidhani habari za mwili kugeuka ni za mipira mirefu. Ukiwa yadi 15 kutoka kwenye bendera, fimbo inarudi hadi usawa wa goti tu. Mwili wa nini hapo? Nikawa nasimama kama mlingoti na kuupiga mpira kwa vifundo vya mikono. Matokeo yalikuwa ya aina mbili, na kila mcheza gofu anayajua: ama fimbo inachimba ardhi nyuma ya mpira na mpira unasogea hatua mbili, ama ukingo wa fimbo unaugonga mpira tumboni na unavuka grini kwenda upande wa pili. Woga ndio unaofanya hivyo. Mpira ukiwa karibu na shimo mtu anataka kuutawala, na chombo anachokiamini kutawala ni vidole.

Mzee aliniambia hata kimia kidogo hurushwa kwa kiuno, kidogo tu. Nikajaribu kuweka leso makwapa yote mawili na kupiga mipira midogo huku kifungo cha shati kikigeuka pamoja na fimbo: fimbo inarudi hatua moja, kifungo kinageuka kiasi chake, fimbo inakwenda mbele, kifungo kinakwenda nacho mpaka kiitazame bendera. Ni mwendo mdogo sana, mtu aliye mbali hawezi kuuona. Lakini ukikosekana mikono inajua. Kilichonisaidia zaidi ni kugundua kwamba hapa urefu wa kurudisha ndio unaopima umbali, na mwili ndio unaolinda kasi isibadilike. Ukirudisha sana kwa mpira wa karibu, mwili unaogopa, unasimama katikati ya kushuka ili kupunguza nguvu, na hapo ndipo fimbo inapochimba. Ukirudisha kidogo mno, mikono inaruka kuongeza nguvu. Mpira mfupi haufichi kitu. Nikitaka kumjua mgeni anavyocheza siangalii draiva yake, naangalia yadi 15 zake.

Kusi lilipofika kilele chake, mwezi wa Julai, nilikuwa na swingi ambayo ningeweza kuiita yangu. Tukaja kwenye shimo lile lile la kuelekea baharini, siku yenye upepo wa kupeperusha kofia. Umbali wa kufika kwenye grini ungetaka fimbo namba 7 siku ya kawaida. Zamani ningeichukua hiyo hiyo namba 7 na kuirudisha mpaka shingoni. Mzee alinipa namba 5, ambayo hupeleka mpira mbali zaidi, na hakueleza. Nikaweka mpira nyuma kidogo ya katikati, nikashika fimbo chini kiasi cha vidole viwili, nikageuka robo tatu ya uwezo wangu, kiuno, mabega, mikono nyuma yake. Ukipiga kwa utulivu hivyo mpira haupati mzunguko mwingi wa kuurudisha nyuma, kwa hiyo haupandi sana, na upepo haupati pa kuushika. Uliondoka chini, ukapita usawa wa mibuyu, ukatua mbele ya grini na kubingirika hadi ndani. Vumbi jepesi likaruka ulipogusa ardhi, upepo ukalichukua.

Bado nina adui mmoja, nao ni uchovu. Tukicheza mashimo 18, yaani kuuzunguka uwanja mara mbili, kufikia la 14 au la 15 miguu huanza kulegea, na kwangu kitu cha kwanza kuchoka ni nyonga. Sihisi. Ninachohisi ni kwamba fimbo imeanza kuwa nyepesi nyuma, inapanda vizuri, inafika mbali, na moyo unafurahi. Hiyo ndiyo dalili. Nyonga zimesimama na mikono imeshaanza tena kusafiri peke yake.

Mzee huiona kabla yangu. Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye tii ya 15, nimenyoosha mkono nikingoja draiva bila kugeuka, macho kwenye feawei, ile njia ya majani kuelekea grini. Kitu nilichowekewa kiganjani kilikuwa laini. Nikatazama: leso, imekunjwa mara nne tayari. Nikaibana kwapani, nikajaribu mara moja hewani bila fimbo, ikaanguka. Nikaiokota. Nikajaribu tena, nikasubiri kisigino cha kushoto kiinuke chenyewe, mfinyo ukaja pale juu ya paja la kulia, leso ikabaki. Ndipo aliponipa draiva.